Bido ya Muzee Kashindi kwenye Masini ya Dirishani

Ninyi wadogo zangu mnaobaki kazini pale Songo, Uvira, mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Mnanitukana kwa adabu. Sijasahau kitu. Lakini nitaandika, maana tangu nistaafu nashinda nyumbani na kuku, na kuku hawaulizi swali lolote la maana.

Nililipwa nini, nilipandishwa lini, hayo sitayasema. Yalikuwa machache na hayachekeshi. Nitawaeleza kazi yenyewe niliyoifanya pale siber, ile nyumba ya interneti ya kulipia: kuifanya interneti ikimbie. Watu waliingia, wakakaa mbele ya kompyuta, yaani masini zetu, wakapiga meza, wakaita, "Mama Sifa, hii masini iko inalala, njoo uiamushe!" Na mimi nikaenda kuiamsha. Ukiuliza Mama Sifa alifanya nini duniani, jibu ni hilo.

Siku ya kwanza nilifika nimevaa kitenge changu cha kanisani na viatu vya kisigino, maana nilijua nimeajiriwa kwa mambo ya akili. Papa Ramazani, mwenye siber, alikuwa fundi wa redio kabla ya masini hizi kuja. Miwani yake ilishikwa na waya wa umeme, na alikuwa na tabia ya kukuangalia miguu kwanza. Akaangalia viatu vyangu, akanipa brashi ya rangi.

"Nipake rangi wapi, Papa?"

"Haupaki kitu. Fungua tumbo ya ile masini, utoe uchafu."

Nikaifungua. Mna vumbi la barabara nzima mle ndani. Mna mende. Mna mjusi amekauka, na maganda ya karanga.

"Papa, nani alikula karanga ndani ya masini?"

"Panya. Yeye njo kliya wetu wa kwanza kila asubui, na haulizi kama koneksyo iko nzuri."

Jioni kitenge changu kilikuwa rangi ya barabara. Somo lenyewe lakini liliingia: masini ikijaa vumbi inapata joto, ikipata joto inapunguza mwendo ili isiungue, na kliya, yaani mteja, anasema interneti ni mbaya. Brashi ile ninayo mpaka leo. Msiitafute kwenye droo.

Siku zile kila mtu alikuwa na maelezo yake ya kwa nini interneti inatembea polepole. Mmoja alisema ni mvua ya milimani. Mwingine alisema ni watu wa ng'ambo ya ziwa: "Bujumbura wanakunywa yote, sisi tunapata masalio." Alikuwa anaonyesha taa zao kwa kidole kama ushahidi. Mama mmoja muuza samaki aliweka mkono juu ya masini, akaomba kwa sauti, na ukurasa ukafunguka palepale. Papa Ramazani akaniambia nisibishe, kwa sababu kliya ameridhika.

Yeye mwenyewe alinifundisha kuangalia ndani kwanza. Masini nyingi zikiwashwa zinaamka na familia nzima: muziki unaamka, michezo inaamka, hata programu ya ile imprimante ya kuchapa karatasi iliyokufa zamani nayo inaamka kutafuta marehemu. Unaziondoa kwenye orodha ya zinazoamka, unaacha zile za lazima tu. Halafu unaingia kwenye navigateri, yaani ule mlango wa kuingilia interneti. Unaondoa vile viongezo vilivyojibandika juu bila kualikwa na mtu. Unaosha mabaki ya kurasa za zamani. Hapo mjihadhari! Kuna visanduku vya kuweka alama: kimoja kinaosha mabaki, kingine kinafuta maneno ya siri ya kuingilia. Cha pili hicho mkikigusa, mtajua jinsi watu wa Uvira wanavyoweza kupiga kelele. Mwisho unatazama tarehe. Kibetri kidogo cha ndani kikifa, masini inarudi miaka ya nyuma, na kurasa zinakataa kufunguka kwa sababu haziwezi kumfungulia mtu anayetoka zamani.

Haya yote mtu anajifunza kwa msimu mmoja. Kilichonitoa jasho ni watu, na zaidi ya yote ni bido zao.

Mmeona ile alama ya gundi ukutani, karibu na dirisha? Mmekuwa mnaniuliza ni ya nini, na mimi nawajibu mfanye kazi. Pale palikuwa na karatasi ya Papa Ramazani, imeandikwa kwa herufi kubwa: USIGUSE BIDO YA MWENZAKO.

Mnajua mambo ya bombani. Maji yanakuja yanapotaka, kwa hiyo mtu anaacha bido yake, lile dumu la njano, kwenye mstari, anaenda sokoni, anaenda shamba, anaenda hata kwenye kilio, na akirudi nafasi yake iko palepale. Bido ile ni yeye mwenyewe. Ukiisogeza umemsukuma yeye, na mtashikana mashati. Basi watu wetu walipoona kwamba ukurasa wa interneti unachukua nusu ya asubuhi kufunguka, wakafanya walichokijua. Ukurasa ukishafunguka hawaufungi tena. Unabaki umejipanga huko juu kwenye kioo cha masini pamoja na kurasa za wengine, na mwenyewe anakwenda zake. "Mama Sifa, ile ya tatu ni bido yangu, niko nangoja jibu." Mwingine anaacha yake pembeni, na mwingine tena. Jioni huko juu mstari ulikuwa umebanana mpaka huwezi kusoma hata herufi moja ujue ni ukurasa wa nani.

Masini iliyoteseka zaidi ni ile ya dirishani. Ilikuwa na betri za jua, kwa hiyo haikuzimika hata umeme ukikatika, na kila mtu alitaka bido yake ikae pale. Kila ukurasa ulio wazi unakula nguvu ya masini hata kama hakuna anayeutazama. Nilimueleza Papa Ramazani mara nyingi.

"Papa, tufunge hizi kurasa. Masini itakimbia."

"Weye Mama Sifa, unataka wanichomee nyumba?"

"Hazipotei! Mtu anarudi, tunamufungulia upya."

"Enda uwaambie weye. Minye nitakuangalia kutoka mbali."

Sikwenda. Nilikuwa na watoto.

Sasa niwaambie juu ya Muzee Kashindi. Alikuwa mkulima wa mpunga wa Nyakabere, mrefu, na kofia ya kitambaa ambayo naamini alizaliwa nayo. Mwanawe mmoja tu, Amani, alikwenda Afrika ya Kusini kutafuta maisha. Simu ya Muzee ilianguka kwenye mfereji wa mpunga, namba zote zikaenda na maji, naye akasusa simu moja kwa moja. Papa Ramazani akamfungulia ukurasa wa kuongea kwa picha pale kwenye masini ya dirishani, akampa mtu wa Songo anayesafiri ampelekee Amani anwani ya ukurasa ule. Basi kila siku ya soko Muzee alikuja Uvira na mchele wake, akiuza anaingia siber, masini inalia, Amani anatokea. Wanasalimiana, wanaulizana mbuzi na majirani, wanamaliza. Ilikuwa furaha kuwaona.

Siku moja, mvua za kwanza, Amani alikuwa katikati ya maneno. Kuna mtu alimwita kule kwake. Akainua kidole, akasema, "Baba, ngoja kidogo, usitoke hapo." Picha ikakwama. Amani akabaki pale kwenye kioo, kidole juu, mdomo wazi.

Muzee akangoja. Akangoja mpaka tukafunga mlango. Siku ya soko iliyofuata akaja, akakuta picha iko palepale, akakaa. Na iliyofuata. Alikuwa anavua kofia, anaweka fimbo katikati ya magoti, anaangalia mwanawe amekwama, halafu anaamka anaenda kutafuta gari la kurudi Nyakabere. Nilijaribu kumwambia.

"Muzee, acha niifunge, tufungue nyingine mpya."

"Aliniambia nisitoke."

"Lakini Muzee, huyu hasikii kitu. Ni picha."

Akainua fimbo. Haikunigusa, lakini upepo wake niliusikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyeugusa ukurasa wa Muzee Kashindi, hata mimi nilipokuwa napangusa vumbi nilizunguka.

Hapo ndipo linaingia jambo la Neema. Neema alikuwa mtoto wa mdogo wake Muzee, na baba yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo Muzee Kashindi ndiye alikuwa baba mukubwa na mwenye neno la mwisho. Neema mwenyewe alikuwa mshonaji hapo Songo, msichana wa kucheka haraka. Mchumba wake Bahati, kijana wa Luvungi, alikuwa amepelekwa Kanada na familia yake, na karatasi za kumruhusu arudi zilikuwa zinachelewa mwaka hadi mwaka. Neema alimngoja. Wengine walikuja kumposa, akawatoa mlangoni na mkasi mkononi.

Hatimaye watu wa Bahati wakaleta ng'ombe wa mahari kutoka Luvungi mpaka Nyakabere, wakawafunga nyuma ya nyumba ya Mama Neema. Muzee Kashindi akawaangalia wale ng'ombe, akakubali kwamba ni wazuri, halafu akakataa.

"Ng'ombe nimeona. Muntu sijaona. Sitatoa mutoto kwa muntu sijasikia sauti yake."

Wakampa simu aongee naye. Akakataa simu.

"Bwana harusi gani anaingia ndani ya mufuko? Nataka nimuone pamoja na mabega. Mbele ya watu wote, siku moja. Akisema, ng'ombe zinabaki. Asiposema, kesho yake zinarudi Luvungi na mambo imekwisha." Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Minye najua hizi masini. Zinachukua watu, hazirudishi."

Neema alikuja kwangu macho mekundu.

"Mama Sifa, nimekataa watu kwa sababu yake. Ng'ombe zikirudi, baba mukubwa hatanisikiliza tena juu ya Bahati, hata akuje na miguu yake. Kabisa. Masini yenu itaweza?"

"Itaweza," nikasema. Mdomo wangu una haraka kuliko akili.

Kilichowezekana ni masini ya dirishani tu, sababu ya betri na kioo kikubwa. Nikaifanyia kazi. Nikaipiga brashi tumboni. Nikaondoa familia yote inayoamka nayo, nikang'oa viongezo, nikaosha mabaki bila kugusa maneno ya siri, nikaweka navigateri mpya pembeni ya ile yenye bido, nikarekebisha tarehe. Lakini bido zilibaki juu. Nikamuomba Papa Ramazani kwa mara ya mwisho. Akavua miwani, akaipangusa, akasema sheria ni sheria, na Mungu atasaidia.

Sherehe ilikuwa siku ya soko, mchana. Watu wa Nyakabere na watu wa Luvungi walijaa siber mpaka wengine wakakaa barabarani kwenye mabenchi, na masufuria, na pombe ya ndizi, na soda za waliookoka. Kwa desturi bwana harusi anakaa kwenye kiti kati ya watu wake. Basi wakachukua kioo cha masini wakakiweka juu ya kiti. Shangazi mmoja wa Luvungi aliona haifai, bwana harusi yuko uchi, akakivalisha koti. Mwingine akafunika tumbo la masini kwa kitenge, ili nalo lipendeze. Nikakitoa. Akakirudisha. Nikakitoa tena, nikakikalia.

Kuna desturi nyingine ambayo ndiyo ilituponza. Kwa watu wale, mukwe na mama-mukwe hawaangaliani uso kwa uso. Ni heshima. Mama Neema alikuwa amekaa pembeni, nyuma ya friji ya soda, mahali ambapo bwana harusi hawezi kumuona, na Bahati alikuwa amefundishwa vizuri kwamba atainamisha macho tangu mwanzo mpaka mwisho.

Bahati akatokea. Suti, kola nyeupe, jasho. Watu wakapiga vigelegele. Muzee Kashindi akakohoa, akamuuliza ni nani na ametoka wapi. Kijana akainua uso mara moja tu, ajue anayezungumza naye ni nani, akafungua mdomo ajibu. Picha ikakwama.

Macho wazi. Mdomo wazi. Anatazama mbele kabisa.

Tulingoja. Mtoto mmoja akalia. Mama Neema akachungulia kidogo nyuma ya friji aone kuna nini, na macho ya Bahati yakamkuta.

"Yoo! Iko ananiangalia!"

Akakimbilia upande wa pili, karibu na mlango. Sasa mnajua picha ya mtu aliyetazama mbele: popote utakaposimama, anakutazama wewe. Mama Neema alifika mlangoni, akageuka, macho yako naye. Akainama chini ya meza, akachungulia, macho yako naye.

"Ananifuata! Huyu mutoto ananifuata!"

"Bahati, angalia chini!" shangazi wa Luvungi akapiga kelele kwenye kioo. "Chini! Unatuaibisha!"

Bahati hakuangalia chini. Mama Neema akajifunika kitenge kichwa chote, akagonga friji, akaketi sakafuni. Wazee wa Nyakabere wakaanza kunung'unika kwamba Kanada imemharibu. Muzee Kashindi akasimama, akavaa kofia.

"Nimeuliza, hakujibu. Na iko anakodolea mama-mukwe macho. Mufungue ng'ombe."

"Muzee, ni masini!" nikasema. "Kijana hana kosa, masini imechoka!"

"Sasa nitaoza mutoto kwa muntu ao kwa masini?"

Neema hakupiga kelele. Alikuwa ameshika koti lile la kwenye kiti, mkono wa koti, kama anayemzuia mtu asiondoke. Mimi nikasikia hasira, na hasira yangu inajulikana Songo nzima. Nikaenda kwenye ukuta, mbele ya Papa Ramazani na wateja wote, nikang'oa ile karatasi.

"Kila mwenye bido kwenye hii masini ajitokeze! Naifunga sasa hivi!"

Kelele! Maana nusu ya wenye bido walikuwa mle mle ndani, wamekuja kula. Mwalimu wa Luvungi alikuwa na ukurasa wa kuomba kazi. Mwimbaji wa kwaya alikuwa na wimbo uliofunguka nusu tangu Pasaka. Shangazi yule wa koti alikuwa na picha za makabati. Nikawa naita, mtu anajibu, nafunga. Mwalimu akanishika mkono, Neema akamtoa. Papa Ramazani alikuwa amesimama nje barabarani, anatuangalia kutoka mbali kama alivyoahidi.

Nikafunga zote za mstarini, ila ile moja ambayo hakuna anayeigusa. Bahati hakusogea hata kope.

Basi nikafungua ile sehemu inayoonyesha nini kinakula nguvu ya masini. Hiyo mjifunze kuifungua kabla ya kulaumu mtu. Inapanga walaji, mlaji mkubwa juu. Na mlaji mkubwa, aliyebakiza makombo tu kwa wengine, alikuwa ukurasa mmoja wa zamani uliokwama katikati ya mazungumzo, bado unajitahidi kuvuta picha isiyokuja.

"Muzee," nikasema. "Ni bido yako."

Vichwa vyote vikamgeukia. Wote walimjua Amani.

"Ile, hapana," akasema.

"Muzee, hiyo njo inamukamata Bahati asiseme."

"Aliniambia nisitoke. Akirudi akute minye siko?"

Neema akaacha lile koti, akaenda akachuchumaa mbele yake.

"Baba mukubwa, hapa hakuna mwingine anajua kungoja sawa weye na minye. Nikuambie ukweli, mara zingine nachoka. Weye hauchokake?"

Mzee akaangalia kofia yake. Mimi nililia, sioni haya kusema.

"Mumulete nimuone," akasema.

Nikaleta ukurasa wake mbele. Amani akatokea juu ya kiti, ndani ya koti la bwana harusi, kidole juu, mdomo wazi. Muzee akamuangalia kitambo.

"Ukifunga, atarudi?"

"Sijui, Muzee. Lakini nitakufungulia nyingine mupya, palepale. Nafasi yako haipotei."

"Weye unaweza kuapa?"

"Naapa mbele ya hawa wote."

Akaomba afunge mwenyewe. Hakuwa ameshika suri, kile kipanya cha kusogeza mshale, maishani. Neema akaweka mkono wake juu ya mkono wa mzee, wakaisogeza pamoja mpaka kwenye kile kimsalaba kidogo pembeni, wakabonyeza. Amani akatoweka. Mzee akafumba macho.

Na Bahati akaruka kwenye kioo kama mtu aliyemwagiwa maji.

"...mwana wa Luvungi, Baba mukubwa, na nimekuja kuomba! Mbona munanyamaza? Nimesema mara ngapi? Nimekosea nini?" Ghafla akakumbuka, akainamisha macho mpaka kidevu kikagusa tai. Mama Neema akatoa kichwa kwenye kitenge, akaona yuko salama, akapiga kigelegele cha kwanza yeye mwenyewe.

Muzee Kashindi hakukaa. Alisogea karibu kabisa na kile kiti.

"Weye Bahati. Ukiambia muntu 'ngoja kidogo,' unarudiaka?"

Kijana akanyamaza kwanza. Nilidhani imekwama tena, mkono wangu ukawa tayari. Halafu akasema, "Narudi, Baba mukubwa. Karatasi zikitoka leo, maji sitakunywa njiani. Na zisipotoka, kila siku utaniona hapa, mpaka unichoke."

"Kila siku sitaki," Muzee akasema. "Nina shamba."

Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilikuwa jibu. Neema akakumbatia kiti, koti na kila kitu, waya ukachomoka kidogo, nikapiga kelele, nikaurudisha. Ng'ombe walibaki Nyakabere, na mmoja wao tuliambiwa alikuwa anakula maharage ya Mama Neema saa ileile. Bahati alikuja baadaye, kwa miguu yake, na Neema alimpokea kwa ugomvi kwa sababu alikuwa amenenepa na suti aliyomshonea haikumuenea.

Lakini siku ile haijaisha. Watu walitoka nje kula. Muzee Kashindi hakutoka. Alikaa mbele ya kiti, akavua kofia, akaweka fimbo katikati ya magoti.

"Mama Sifa. Bido yangu."

Nilikuwa nimeapa. Nikafungua ukurasa wake upya. Maneno ya siri yalikuwepo, mshukuru Mungu nilivyoosha kwa akili, na ukurasa ulifunguka kabla sijapumua. Mtupu, mweupe. Hakuna Amani, hakuna kidole. Mzee akautazama ule weupe, na mimi nikajilaumu kwamba nimemnyang'anya hata ile picha. Nikamuomba aje ale kidogo. Akatikisa kichwa.

Ilikuwa siku ya soko, nimewaambia. Masini ikalia.

Sijui nilibonyeza nini, mikono ilikuwa na mafuta ya nyama. Amani akatokea, ndevu zimemjaa, kofia ya kazi kichwani, anasogea. Anasogea! Hakusalimia hata.

"Baba! Kila siku ya soko napiga, masini inaniambia uko kwenye mazungumuzo. Kila siku! Uko unaongeaka na nani muda yote hii?"

Muzee akajipangusa uso kwa kofia yake.

"Na weye," akasema.